Mwalimu asiyejua nota aandike nini kuhusu falsafa yake ya muziki?

*"Shikamoo mwalimu. Nafundisha shule ya msingi wilayani Newala, huu ni mwaka wangu wa sita kazini. Nilisomea hisabati, lakini mwenzetu wa Sanaa na Michezo alihamishwa na somo nikapewa mimi. Sasa nimeomba nafasi ya kwenda kusoma zaidi, na fomu inataka ukurasa mmoja: 'falsafa yako binafsi ya kufundisha muziki'. Nimeandika mara tatu, nikachana. Nilianza na 'muziki ni lugha ya ulimwengu', nikaweka kwamba muziki unaongeza akili ya hisabati, nikawataja wataalamu wa kufundisha muziki, Kodály na Orff, ambao nimewasoma kwenye simu tu. Ukweli ni kwamba sijui nota, hatuna kinanda, darasa lina watoto 78, na mimi mwenyewe nikiwa darasa la nne niliambiwa nina sauti ya chura, nikatolewa kwenye kwaya. Mwalimu mkuu anataka kwaya ya watoto 15 wenye sauti nzuri kwa ajili ya wageni na mashindano. Wazazi wengine wanasema ngoma shuleni ni uhuni, wengine wanasema ni haramu. Tena kuna mvulana mmoja anaimba chini peke yake, anawaharibia wenzake. Je, mtu kama mimi ana falsafa kweli ya kuandika? Halafu shule ina ngoma mbili zinazolia kama gunia. Mkuu anasema tuzitupe."*

Marahaba, mwalimu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili niliruka yote nikaenda moja kwa moja kwa yule mvulana. Kwa hiyo nitaanza naye, ingawa wewe umemweka karibu na mwisho. Ukishajua utamfanyaje, nusu ya ukurasa wako itakuwa imeshaandikwa.

Kwanza, hilo neno "anawaharibia" liweke pembeni. Mtoto wa umri huo anayeimba chini peke yake, mara nyingi sana, sikio lake halina ubovu wowote. Kuimba sauti uliyoisikia ni kazi ya watu wawili: sikio linapokea, halafu nyuzi za sauti kooni zinakazwa au kulegezwa mpaka zitoe kitu kinachofanana na kilichosikika. Zikikazwa sauti inapanda, zikilegea inashuka, kama uzi wa zeze. Ila uzi wa zeze unauona na kuushika. Nyuzi za kooni mtoto hazioni. Anabahatisha, anasikia alichotoa, anarekebisha, anabahatisha tena. Ni kama kujifunza baiskeli. Wako watoto wanaofika darasa la kwanza wakiwa wameshabahatisha mara elfu, kwa sababu bibi yao huimba akitwanga na wao huitikia. Wengine nyumbani kwao kuna redio, na redio haimsubiri mtoto.

Halafu kuna anayeanzisha wimbo. Walimu wengi huanzisha pale ambapo koo lao wenyewe linapumzika, na kwa mtu mzima hapo ni chini mno kwa mtoto. Mwalimu wa kiume ndiye mgumu zaidi: sauti yake iko oktavu nzima (kutoka do moja hadi do nyingine) chini ya watoto, kwa hiyo mtoto mmoja anaipeleka juu inakostahili, mwingine anaihangaikia hukohuko chini alikoisikia, na huyo wa pili ndiye tunayemwita mharibifu. Pakua programu ya kinanda kwenye simu, tafuta do ya kati, kisha re inayoifuata. Kuanzia hiyo re mpaka la iliyo juu yake ndiyo sebule ya sauti za watoto wengi wa shule ya msingi. Wimbo ukikaa humo, utashangaa ni "wabovu" wangapi wanapona bila dawa.

Na kuna makelele. Watoto 78 wakiimba kwa nguvu zote chini ya bati, hakuna anayejisikia mwenyewe, na asiyejisikia hawezi kujirekebisha. Waambie waimbe kama wanaotaka kusikia mvua ya mbali. Mfundishe mvulana wako kukunja kiganja nyuma ya sikio akiimba, sauti yake irudi kwake.

Sasa zoezi lenyewe. Usimpe wimbo. Mpe fisi. Watoto wa huko wanaujua mlio wa fisi, unaoanzia chini tumboni ukapanda ghafla mpaka juu. Darasa zima lilie fisi, wacheke, walie tena. Mtoto aliyekuwa anaongea tu kwa sauti ya kifua atajikuta amefika mahali juu ambapo hakujua kwamba anapo. Kisha mwambie atoe sauti moja ndefu, yoyote anayoiweza, *aaa*. Hapo usimwambie "panda" wala "siyo hiyo". Wewe mfuate. Imba sauti yake hiyohiyo, hata kama ni ya chini kiasi gani. Liite darasa liimbe sauti yake. Huenda ni mara ya kwanza katika maisha yake anasikia sauti yake ikiwa ndani ya sauti za wenzake, na hicho ndicho kitu alichokuwa anakikosa: hajui kufanana kunasikikaje. Akishakijua, pandeni pamoja hatua moja. Rudini. Pandeni tena. Dakika tano kila kipindi. Nimeona wanaopata baada ya majuma mawili, na nimeona waliochukua mwaka.

Watu ambao ubongo wao kweli hautofautishi sauti ya juu na ya chini wapo, ila ni wachache sana, na hupaswi kuanza kwa kudhani unaye mmoja. Jambo la kuangalia kwa karibu ni masikio. Akigeuza kichwa upande mmoja kila unapoongea, akiuliza "eeh?" mara kwa mara, akitokwa na usaha sikioni, zungumza na mzazi aende kituo cha afya wamchunguze, wao wataona kama inafaa kumpeleka hospitali ya mkoa. Kadhalika mtoto ambaye sauti imekwaruza zaidi ya majuma matatu bila mafua: huyo asiimbe, apelekwe. Kwaya zetu za kupiga kelele huacha vinundu kwenye nyuzi za sauti, na mazoezi ya fisi hayaponyi vinundu.

Nitakuambia kwa nini nimemkalia mvulana huyu. Miaka mingi iliyopita nilikuwa na kwaya ya shule, siku mbili kabla ya mashindano, na binti mmoja aliyeimba kama wako. Nilimwita pembeni nikamwambia kwa upole kabisa: "Wewe fungua mdomo tu, sauti usitoe." Akatii. Tukashika nafasi ya pili. Mwaka juzi nilikutana naye pale kwenye kivuko cha kwenda Msangamkuu, mama mtu mzima, ana ndoo ya samaki. Alinisalimia kwa furaha, hana kinyongo hata kidogo. Tukakumbushana ya shule, akacheka akasema, "Mwalimu, mpaka leo kwenye kasida nafungua mdomo tu." Kwake ilikuwa hadithi ya kuchekesha. Mimi sikupanda kivuko cha saa ile, nilisubiri kinachofuata.

Wewe uliambiwa sauti ya chura darasa la nne, na leo una karatasi mbele yako unauliza kama unastahili kuandika. Unaona lilipofika neno moja la mwalimu. Kwa hiyo jibu la swali lako kubwa ni ndiyo, unayo falsafa, na inajulikana kwa unachomfanyia mtoto asiyeweza. Mengine yote, mbinu, vyombo, majina ya wataalamu, yanafuata nyuma ya hilo. Shinichi Suzuki, Mjapani mfundishaji wa fidla aliyeishi 1898 hadi 1998, alijenga njia yake nzima juu ya jambo moja alilolistaajabia: watoto wote wa Japani wanaongea Kijapani. Hata wako 78 wanaongea, Kimakonde, Kiswahili au vyote viwili, na hakuna aliyefanyiwa usaili akiwa na mwaka mmoja ili aruhusiwe kuanza. Aliongeleshwa, akakosea, akachekewa kwa mapenzi, akaongeleshwa tena.

Sasa tuje kwenye ulivyovichana. "Muziki ni lugha ya ulimwengu" ulifanya vema kuichana. Ni sentensi tamu isiyo na mfupa. Nenda kwenye mapiko, ngoma ya vinyago ya Wamakonde, simama karibu na wapiga vinganga, zile ngoma ndogo. Mchezaji aliyevaa kinyago anageuka, anasimama, anatetemesha bega, na kila kitu kimetoka kwenye ngoma: pigo hili linamwita, lile linamkata. Mgeni anasikia kelele tamu. Mwenyeji anasikia amri. Kama muziki ni lugha, basi ni lugha nyingi, na mojawapo wanafunzi wako wanaijua kuliko wakufunzi watakaosoma fomu yako. Hilo liandike.

Kuhusu akili ya hisabati, kuwa mwangalifu, maana wewe ni mtu wa hisabati na utaulizwa ushahidi. Maneno hayo mengi yametokana na utafiti mdogo wa Marekani wa mwaka 1993: wanafunzi 36 wa chuo walisikiliza muziki wa Mozart kwa dakika kumi, wakafanya vizuri kidogo zaidi kwenye majaribio ya maumbo, na faida hiyo ikayeyuka baada ya dakika 10 hadi 15. Watoto hawakuwemo, kuimba hakukuwemo, hesabu za darasani hazikuwemo. Dunia ikachukua kipande hicho ikauza kaseti za watoto wachanga. Wapo wanaoendelea kuchunguza kama kujifunza muziki kwa miaka kunasaidia masomo mengine, na majibu yanapingana. Lakini hata kama ingekuwa kweli kabisa, ni hoja ya unyonge. Hakuna anayetetea kipindi cha hisabati kwa kusema kinamsaidia mtoto kuimba.

Kodály na Orff wataje ikiwa tu unasema umechukua nini kwao. Kodály wa Hungaria (1882–1967) alisisitiza kwamba mtoto aanze kwa sauti yake mwenyewe kabla ya chombo chochote, na aanze na nyimbo za lugha ya mama yake. Hilo kwako halina gharama. Ishara za mkono za do, re, mi zinazohusishwa naye zilitoka kwa Mwingereza John Curwen wa karne ya 19. Jifunze hizo, jioni moja zinatosha, na watoto wanazipenda kwa sababu zinafanana na siri. Orff, Mjerumani, alitaka muziki usitenganishwe na kucheza, kusema na kupiga makofi. Kwa Wazungu wa wakati wake yalikuwa mapinduzi. Bibi zako wa Newala wangemuuliza, kwani vilitenganishwa lini?

Nota sasa, kwa sababu naona ndizo zinazokunyima usingizi. Kila asubuhi watoto wako wanasimama mstarini wanaimba wimbo wa taifa. Melodia ile ilitungwa mwaka 1897 na mwalimu wa shule ya misheni karibu na Johannesburg, Enoch Sontonga, aliyekuwa anawatungia wanafunzi wake nyimbo na kuziandika kwenye daftari kwa solfa. Siyo mistari mitano yenye vichwa vyeusi; herufi tu, d, r, m, f, s, l, t, na nukta pacha kutenganisha mapigo, na mistari wima kutenganisha vifungu. Misheni za Afrika ziliipenda njia hiyo kwa sababu inachapwa kwa herufi za kawaida na inaandikwa ubaoni kwa chaki. Hapo Kusini bado iko hai: ukienda Ndanda, Masasi, Nyangao, walimu wa kwaya kanisani wanaisoma kama gazeti. Tafuta mmoja, wa dini yoyote, umwombe Jumamosi kumi. Mwenye kichwa cha sehemu na uwiano ataielewa haraka kuliko unavyofikiri, kwani pigo lililogawanywa nusu na robo ni sehemu zilezile unazofundisha darasa la nne.

Ila usiianze kwa watoto. Kusoma huja baada ya kuongea. Na usidhani kwamba asiyesoma nota si mwanamuziki: Bi Kidude wa Zanzibar, aliyefariki mwaka 2013 baada ya maisha marefu jukwaani na kwenye unyago, hakuwahi kuzihitaji. Nota ni daftari la kumbukumbu. Zinafaa sana pale unapotaka wimbo usafiri bila mtu wa kuubeba.

Kinanda hamna, sawa. Una miguu 156 darasani. Jaribu hiki Jumatatu. Wote wakanyage taratibu, mguu mmoja tu, kishindo, kishindo. Nusu ya darasa kila kishindo waseme *ko-ro-sho*, silabi tatu zenye urefu sawa. Nusu nyingine kila kishindo waseme *na-zi*, mbili zenye urefu sawa. Kwanza kila kundi peke yake mpaka litulie, kisha pamoja. Mara ya kwanza watavurugika, kundi la nazi litavutwa na korosho. Waache wavurugike. Mguu ukiwa imara, ghafla vinakaa, na utasikia kitu cha tatu ambacho hakuna aliyekisema: pa, kituo kidogo, pa-pa-pa, kituo kidogo. Hiyo ni tatu juu ya mbili, nayo inasikika kwenye ngoma nyingi za ukanda wenu. Mtoto aliyekulia uwanda wa Makonde ameibeba mgongoni mwa mama yake. Wewe unampa jina na kumwonyesha iko wapi. (Utagundua kishindo kinaangukia *ko* wakati Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho, ko-*RO*-sho. Kwa zoezi hili haidhuru. Lakini siku mtakapotunga wimbo wenu, huo ndio mtego: pigo zito likikaa kwenye silabi isiyostahili, watoto wataimba kama wanaosoma Kiswahili kwa mara ya kwanza. Tenzi nyingi za kanisani zilizotafsiriwa zina ugonjwa huo.)

Kwaya ya watoto 15. Hapa sitakudanganya kwamba mkuu wako amekosea kila kitu. Mashindano yana faida zake. Mtoto aliyefika UMITASHUMTA, mashindano ya taifa ya shule za msingi, na kusimama mbele ya watu elfu hasahau, na shule inayojulikana kwa kwaya hupata hata wazazi wa kuchangia madawati. Kundi dogo linalofanya mazoezi sana ni jambo halali. Tatizo ni pale kundi hilo linapomeza kipindi. Kipindi cha Sanaa na Michezo ni cha watoto 78 kwa mujibu wa ratiba. Mazoezi ya kwaya ni baada ya masomo. Mwambie mkuu hivyo kwa heshima, ukiwa na pendekezo mkononi: kwaya iwe ya wanaojitokeza na kudumu kwenye mazoezi, na nyimbo ziwe za kuanzisha na kuitikia, ili siku ya mgeni wale 15 waanzishe na shule nzima iitikie. Mgeni atasikia watoto mia nne wakimwitikia na mkuu atapata sifa zake.

Kuna jambo jingine linalonikera, nalo niliseme. Sikiliza nyimbo za shule zetu: malaria, mazingira, karibu mgeni rasmi, tunashukuru kwa vyoo. Muziki umegeuzwa lori la kubebea ujumbe. Sikatai lori, nasi tunahitaji vyoo. Lakini mtoto anayemaliza shule ya msingi bila kuimba hata wimbo mmoja kuhusu kitu anachokipenda au kukiogopa yeye mwenyewe, sisi tumemfundisha kutoa taarifa. Kila muhula wape nafasi watunge kitu chao, hata mistari miwili. Utapata wimbo kuhusu mbwa, na mwingine kuhusu kaka aliyekwenda Dar hajarudi.

Wazazi. Wale wa "haramu" na wale wa "uhuni" usiwaweke kapu moja. Mzazi anayesema haramu anasema kutokana na dini yake, na ndani ya Uislamu wenyewe wanazuoni wanatofautiana kuhusu vyombo, huku sauti ya binadamu na dufu zikikubalika na wengi. Usibishane naye fikihi. Muulize mtoto wake anaimba nini madrasa. Mtoto anayesoma kasida kwenye maulidi ana pumzi, ana mahadhi, ana kumbukumbu ya beti ishirini. Huyo ni mwanamuziki hata kama nyumbani neno hilo halitumiki. Mwonyeshe mzazi kwamba kipindi chako ni sauti, makofi na miguu, na akikataa ngoma, mtoto aimbe bila kugusa ngoma. Sijawahi kuona mzazi aliyeheshimiwa hivyo akaendelea kukataa kila kitu, ila akikataa, mwachie.

Anayesema uhuni, mara nyingi ana sindimba kichwani. Sindimba ilitoka kwenu ikapandishwa majukwaani Dar es Salaam na kikundi cha taifa cha ngoma miaka ya 1960, na tangu hapo kila sherehe ya taifa inataka viuno. Kule kijijini ngoma ilikuwa duara, kila mtu ndani, na wakati wake maalumu. Jukwaani ikawa kundi linalotazamwa na watu waliokaa. Kitu kilekile kikibadilishiwa mahali hubadilika maana, na mzazi anayeona aibu hana ujinga. Unaweza kufundisha mapigo ya sindimba, mwitikio wake, mpangilio wa ngoma zake, bila kumpanga mtoto wa miaka kumi mbele ya meza ya mgeni rasmi azungushe kiuno. Mimi hilo silifanyi.

Na hapa lazima utafute msaada wa watu ana kwa ana, kwa sababu kitabu hakitakuambia. Nyimbo za jando na unyago si mali ya darasa. Nyingine zina mafundisho ya wakubwa, nyingine hazitamkwi mbele ya asiyechezwa, na mapiko nayo yana siri yake: aliye ndani ya kinyago hatajwi. Watoto wako wakitoka likizo wakiwa wametoka kuchezwa, watakuwa nazo mdomoni, na utatamani kuzirekodi. Usifanye hivyo. Nenda kwa kungwi na nyakanga wa kijiji, wasimamizi wa unyago na jando, na kitu mkononi kama inavyostahili, uwaulize zipi zinaingia shuleni na zipi zinabaki porini. Watakupa nyingi kuliko unavyotarajia: za kazi, za kubembeleza, za michezo ya mbalamwezi, za vitendawili. Mzee akija mwenyewe darasani kufundisha wimbo mmoja, umepata mkufunzi, umewanyamazisha wanaosema uhuni, na wewe unakaa kwenye dawati na wanafunzi. Afisa utamaduni wa halmashauri naye anaweza kukuelekeza kwa wapiga ngoma wanaoaminika.

Ukurasa wako sasa. Anza na darasa la nne, wewe na chura. Sentensi mbili, bila kulia. Kisha mvulana wako: ulifikiri nini juu yake, umejaribu nini, kimetokea nini, hata kama bado hajapata. Kisha kitu kimoja unachokiamini kutokana na hilo, kwa maneno ambayo ungeweza kumwambia mzazi wake mlangoni. Kisha darasa lako lilivyo, watoto 78, hakuna kinanda, lugha mbili, na unavyotumia vilivyopo. Mwisho, usichokijua: nota, solfa, kupanga sauti nne. Hiyo ndiyo sababu ya kuomba kusoma, nao wanataka kuiona. Mtu anayeandika kwamba anajua kila kitu anawafanya wajiulize anakwenda chuoni kufanya nini. Ukikosa nafasi huko ulikoomba, angalia pia Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, ambayo ilianza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981. Pale utapata kushika vyombo kwa mkono, jambo ambalo fomu na simu haziwezi kukupa. Kabla ya kutuma ukurasa, msomee mtu kwa sauti. Popote utakapoona aibu kutamka, hapo umeandika ya mtu mwingine.

Na hizo ngoma mbili msizitupe. Newala kuna ukungu wa asubuhi. Ngozi inanyonya unyevu, inalegea, na ngozi iliyolegea hailii, inaguna. Zitazameni kwanza: kama ngozi imepasuka au vigingi vilivyoishikilia vimeng'oka, mpelekeeni fundi anayewamba ngoma, atakuwapo mmoja vijiji vya jirani. Kama ni nzima, washeni makuti au nyasi kavu uwanjani, moto mfupi wa ndimi, na mzielekeze ngozi huko kwa umbali ambao mkono wako unavumilia, mkizungusha ili zisiungue upande mmoja. Kila baada ya muda mfupi pigeni pigo moja katikati, msikilize. Itapanda kidogokidogo, kutoka *bu* kwenda *du* kwenda *ti*, na ikipitiliza itapasuka, kwa hiyo anahitajika mtu mmoja wa kusikiliza asiyefanya kitu kingine chochote na wa kusema "basi". Kazi hiyo mpe yule mvulana.